Rangi ya mpira ya kubandua

Rangi ya mpira ya kubandua ni aina ya rangi ya kupuliza ambayo ikikauka huwa utando unaonyumbuka kama mpira. Utando huo unaweza kubanduliwa baadaye kwa mkono bila kuharibu rangi ya asili iliyo chini yake. Hutumika kwenye vishikio vya zana, magari, baiskeli na pikipiki.

Kwenye pikipiki rangi hii hupakwa ili kubadilisha mwonekano kwa muda, kukinga rangi ya kiwandani dhidi ya mikwaruzo na matope, na kupunguza maji yanayofika kwenye chuma. Haifai kwa kila sehemu. Huharibiwa na petroli, joto kali na msuguano, na haiwezi kuponya kutu iliyokwisha kuanza. Makala hii inaeleza matumizi yake kwenye vipuri vya pikipiki, kwa kuzingatia mazingira ya mikoa ya Mbeya na Iringa katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania.

## Asili

Rangi ya aina hii inayojulikana zaidi duniani ni Plasti Dip, inayotengenezwa na kampuni ya Plasti Dip International ya Blaine, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Ilianza katika miaka ya 1970 kama kimiminika kizito cha kuchovyea vishikio vya koleo na zana nyingine, ili visiteleze mkononi. Baadaye ikatolewa pia katika makopo ya kupuliza, na wapenzi wa magari wakaanza kuipaka kwenye rimu, nembo na hata bodi nzima ya gari. Siku hizi kampuni mbalimbali hutengeneza rangi za namna hiyo.

## Muundo na namna inavyofanya kazi

Ndani ya kopo mna vitu vinne vikuu:

* polima inayonyumbuka, ambayo ndiyo inayobaki kama mpira;
* viyeyushi, yaani vimiminika vinavyoyeyusha polima hiyo ili iweze kupulizwa, kama vile nafta na tolueni;
* unga wa rangi;
* gesi ya kusukuma mchanganyiko utoke kwenye kopo.

Rangi inapopulizwa, viyeyushi huruka hewani na polima hubaki juu ya kipuri. Hapa ndipo ilipo tofauti na rangi nyingi za magari zinazochanganywa na kigumishi. Rangi hizo hukomaa kwa mmenyuko wa kikemia, na zikishakomaa haziyeyuki tena kwa urahisi. Rangi ya mpira ya kubandua hukauka tu. Haiungani kikemia na uso uliopakwa, bali huukumbatia.

Jambo hilo moja linaeleza faida na udhaifu wake. Kwa kuwa haijaungana na uso, hubanduka kama ngozi ya ndizi. Kwa kuwa imekauka tu bila kubadilika kikemia, kiyeyushi chochote kinachofanana na vile vilivyokuwa ndani ya kopo kinaweza kuilainisha upya. Petroli ni mojawapo ya viyeyushi hivyo.

## Mazingira ya Nyanda za Juu Kusini

Jiji la Mbeya liko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko mlimani juu ya bonde la Mto Ruaha Mdogo, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,500. Miji yote miwili inahudumiwa na barabara kuu ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam kuelekea Zambia, ikipitia Mafinga, Makambako na Uyole. Pikipiki za bodaboda huchukua abiria na mizigo kutoka barabara hiyo hadi vijiji ambavyo njia zake nyingi ni za udongo.

Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili au Mei, na wakati huo matope hurushwa na gurudumu hadi chini ya madigadi, kwenye injini na kwenye vyuma vya chini. Maeneo hayalingani. Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati mji wa Iringa ni mkavu zaidi. Kiangazi huleta vumbi, ambalo husugua rangi kila linapofutwa kwa kitambaa kikavu. Mwezi wa Juni na Julai ni wa baridi: usiku joto la Mbeya linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na asubuhi vyuma vilivyolala nje huwa na umande.

Hali hizo huathiri upakaji kwa njia tatu. Kwanza, shinikizo la gesi ndani ya kopo hupungua kopo likipoa, hivyo rangi hutoka kwa matone makubwa badala ya ukungu mwembamba. Pili, viyeyushi huruka polepole zaidi kwenye chuma cha baridi, na rangi huweza kuteremka kama machozi. Tatu, viyeyushi vinaporuka huupoza uso, na hewa ikiwa na unyevu mwingi maji huganda juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe. Kwa sababu hizo, wakati mzuri wa kupaka ni kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, siku kavu isiyo na upepo, baada ya umande kukauka kabisa. Kazi iliyoanzwa jioni hulazimika kukauka wakati wa baridi ya usiku.

## Sehemu zinazofaa

Rangi hii hukaa vizuri kwenye sehemu zisizopata joto kali, zisizosuguana na zisizomwagikiwa mafuta mara kwa mara. Miongoni mwake ni:

* madigadi ya mbele na ya nyuma;
* vifuniko vya plastiki vya pembeni;
* vyuma vya kukinga miguu, pale ambapo buti haligusi;
* keria ya mizigo, kama haifungwi kamba kila siku;
* migongo ya vioo vya pembeni;
* nembo na mapambo;
* rimu za aloi, upande wa nje tu.

Rimu za spoki ni ngumu zaidi. Kila spoki inahitaji kuzungukwa na rangi pande zote, na wakati wa kubandua utando hukatika vipande vidogo vidogo. Fundi anayeamua kuzipaka hana budi kujua kwamba kazi ya kuondoa itakuwa ndefu kuliko kazi ya kupaka.

## Sehemu zisizofaa

### Injini na bomba la moshi

Pikipiki nyingi za bodaboda, kama Boxer za kampuni ya Bajaj na HLX za kampuni ya TVS, zote za India, zina injini inayopozwa na hewa. Mapezi ya chuma yanayozunguka silinda yapo ili kutoa joto nje. Utando wa mpira juu ya mapezi hayo huzuia joto lisitoke, na wenyewe huungua. Plasti Dip hustahimili joto la hadi nyuzi 93 hivi, lakini kichwa cha silinda huvuka kiwango hicho katika kazi ya kawaida, na bomba la moshi karibu na injini hufikia nyuzi mia kadhaa. Rangi ikiyeyukia hapo hutoa moshi wenye harufu kali, hunata, na haibanduki tena. Kwa bomba la moshi hutumika rangi maalumu ya kustahimili joto.

### Breki, cheni na sehemu za kukanyagia

Diski ya breki, ndani ya ngoma ya breki, viatu vya breki, cheni na sproketi havipakwi kamwe. Utando kidogo tu kwenye diski au ngoma hupunguza mshiko wa breki, jambo la hatari kwenye miteremko kama ya Kitonga mkoani Iringa. Pedali na sehemu za kukanyagia pia huachwa, kwa kuwa utando ukibanduka mguu unaweza kuteleza. Mahali ambapo nati hukaza rimu au ekseli pia huachwa wazi: utando laini ulio chini ya nati husinyaa polepole, na nati hulegea.

### Taa, viakisi na namba

Kuna waendeshaji wanaopenda kutia taa weusi ili pikipiki ionekane ya kisasa. Utando juu ya taa, indiketa au kiakisi hupunguza mwanga, na barabara za nyanda za juu huwa na ukungu mzito katika miezi ya mvua na ya baridi. Kibao cha namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini navyo hufunikwa kwa tepu kabla ya kupuliza, kwa sababu ndivyo vinavyotambulisha chombo.

## Suala la tangi la mafuta

Tangi ndiyo sehemu inayoonekana zaidi kwenye pikipiki, na kwa hiyo ndiyo ambayo wengi hutaka kuibadilisha rangi. Ndiyo pia sehemu inayoiharibu rangi hii haraka zaidi. Tone la petroli likianguka juu ya utando na kuachwa, utando huvimba, hujikunja na kunata. Likipita chini ya ukingo wa utando kando ya mfuniko, hulegeza eneo pana zaidi ya lile linaloonekana.

Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu makini huweza kujaza tangi bila kumwaga. Vijijini, ambako petroli huuzwa pia kwenye chupa za plastiki, kumwagika ni jambo la kawaida. Mwendeshaji anayefanya kazi huko kwa kawaida hupata matokeo mabaya akipaka tangi, hata kama upakaji wenyewe ulikuwa safi.

Wanaopaka tangi hupunguza madhara kwa kuacha duara lisilopakwa kuzunguka mfuniko, kuweka kitambaa wakati wa kujaza, na kufuta tone mara moja. Hatua hizo husaidia kuchelewesha uharibifu tu. Stika ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya moto, au rangi ya kawaida iliyofunikwa kwa vanishi yenye kigumishi, hustahimili petroli vizuri zaidi.

## Hatua za upakaji

1. Kuosha. Kipuri huoshwa kwa maji na sabuni, grisi huondolewa kabisa, kisha huachwa kikauke hadi kwenye maungio na matundu ya skrubu. Nta na mafuta ya kung'arisha huondolewa pia.
2. Kufungua. Kipuri kinachofunguka, kama madigadi, hufunguliwa na kupakwa pembeni. Kupaka kikiwa kwenye pikipiki huacha ukungu wa rangi kwenye cheni, kiti na injini.
3. Kufunika. Sehemu zisizopakwa hufunikwa kwa tepu ya karatasi na magazeti.
4. Kutayarisha kopo. Kopo hutikiswa kwa dakika moja au zaidi. Likiwa la baridi huwekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi. Haliwekwi kamwe karibu na moto wala juani kwa muda mrefu, kwa kuwa linaweza kupasuka.
5. Koti ya kwanza. Rangi hupulizwa kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 20, mkono ukitembea bila kusimama. Koti hii huwa nyembamba, na uso wa chini bado huonekana.
6. Koti zinazofuata. Huongezwa koti nne au zaidi, zilizolowa vya kutosha kuungana lakini zisizoteremka. Kati ya koti moja na nyingine husubiriwa kama dakika 30, na zaidi siku ya baridi.
7. Kuondoa tepu. Tepu hutolewa wakati koti ya mwisho ingali mbichi. Ikisubiriwa hadi rangi ikauke, tepu huondoka pamoja na utando.
8. Kukausha. Kipuri huachwa kwa saa nne au zaidi kabla ya kuguswa na maji. Katika baridi ya Juni na Julai ni afadhali kukiacha usiku mzima, ndani ya chumba kikavu kisicholaliwa na watu.

Uso haupigwi msasa ili rangi ishike, kama inavyofanywa kwa rangi ya kawaida. Mikwaruzo ya msasa hubaki kwenye rangi ya asili, na huufanya utando uwe mgumu kubandua.

## Unene na kubandua

Uwezo wa kubanduliwa hutegemea unene. Utando mnene hutoka kipande kizima, lakini ule mwembamba hukatika na kubaki madoa madogo yanayohitaji kusuguliwa kwa saa nyingi. Anayebana matumizi kwa kupuliza koti mbili tu huokoa nusu ya kopo, kisha hupoteza sifa iliyomfanya ainunue rangi hiyo. Mahali dhaifu zaidi ni kwenye kingo, kwa sababu huko rangi hupulizwa kidogo kuliko katikati, na kubandua huanzia huko.

Ili kubandua, ukingo husuguliwa kwa kidole gumba hadi uinuke, kisha utando huvutwa polepole. Kisu hakitumiki, kwa kuwa hukwaruza rangi ya chini. Kama utando ni mwembamba mno, hupulizwa koti nyingine mbili au tatu juu yake, ukauke, kisha vyote vibanduliwe pamoja. Utando uliokaa juani miaka mingi hupoteza unyumbukaji na huweza kuvunjikavunjika. Kwa sababu hiyo haufai kuachwa muda mrefu baada ya kuanza kupauka au kupasuka.

## Rangi hii na kutu

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Utando mzima usio na tundu huzuia maji yasifike kwenye chuma, na hivyo huchelewesha kutu. Ukipakwa juu ya kutu, au juu ya chuma chenye unyevu, hali hugeuka: maji hufungiwa ndani na kutu huendelea bila kuonekana. Vivyo hivyo jiwe likitoboa utando, matope huingia chini yake na kukaa humo hata siku za jua.

Kwa chuma chenye kutu, kazi sahihi ni kusugua kutu hadi chuma safi, kupaka praima ya kuzuia kutu, na kumalizia kwa rangi ya kawaida. Rangi ya kubandua inaweza kuwekwa juu ya rangi hiyo baada ya kukomaa kabisa. Katika maeneo ya mvua nyingi kama Rungwe na Mufindi, utando uliotoboka unahitaji kubanduliwa na sehemu yake kukaguliwa kabla ya masika kuendelea.

## Utunzaji

Pikipiki iliyopakwa huoshwa kwa maji, sabuni laini na kitambaa au sifongo. Mashine ya kuoshea yenye shinikizo kubwa huweza kuinua ukingo wa utando ikielekezwa karibu. Petroli, mafuta ya taa na thina, ambavyo watu wengine hutumia kuondoa grisi kwenye injini, havifai kugusa utando. Mkwaruzo mdogo hurekebishwa kwa kupuliza koti mpya juu yake, ingawa mahali palipotengenezwa huenda pakaonekana.

## Usalama wa mpakaji

Viyeyushi vya rangi hii hushika moto haraka, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hivyo hutambaa sakafuni na huweza kufikia jiko la mkaa, sigara au cheche iliyo mbali na mpakaji. Katika miji ya baridi watu huwa na mazoea ya kufunga milango na kuingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Kupuliza rangi katika chumba kama hicho huleta hatari mbili kwa pamoja: moto, na hewa yenye sumu. Upakaji hufanywa nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, betri ya pikipiki ikiwa imetenganishwa na tangi likiwa limefungwa vizuri.

Mvuke wa tolueni ukivutwa husababisha kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Kuuvuta mara kwa mara kwa muda mrefu hudhuru mfumo wa neva. Barakoa ya kitambaa huzuia matone ya rangi, haizuii mvuke. Kinachofaa ni barakoa yenye kichujio cha mkaa, pamoja na miwani na glovu. Watoto na wajawazito hukaa mbali. Makopo matupu hayatobolewi wala kutupwa motoni.

## Umiliki na usajili

Bodaboda wengi nchini Tanzania huendesha pikipiki isiyo yao. Wengine hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila wiki, na wengine huwa kwenye mkataba ambao ukikamilika pikipiki huwa mali yao. Mkataba ukivunjika, chombo hurudi kwa mwenyewe. Katika hali hiyo rangi ya kudumu inaweza kuzua mgogoro, kwani mwenye pikipiki hupokea chombo kisichofanana na alichokitoa. Rangi ya kubandua humpa mwendeshaji nafasi ya kutofautisha chombo chake kijiweni na bado kukirudisha kilivyokuwa, mradi koti zilitosha na hakuna petroli iliyopita chini. Hata hivyo ridhaa ya mwenye pikipiki huhitajika kwanza.

Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huonyesha, pamoja na mambo mengine, rangi ya chombo. Kubadilisha sehemu ndogo kama nembo hakubadilishi utambulisho huo. Pikipiki inayobadilishwa rangi yake kuu, hata kwa utando wa kubandua, huacha kufanana na kadi yake, na mwendeshaji anaweza kutakiwa kutoa maelezo anaposimamishwa na askari wa usalama barabarani. Mabadiliko yanayokusudiwa kudumu hupelekwa TRA ili taarifa zirekebishwe.

Utando huu unaweza pia kuficha kasoro. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika anaweza kuomba sehemu ndogo ibanduliwe mbele yake, hasa kwenye tangi na madigadi, ili aone kama chini yake kuna mpasuko, kutu au alama za ajali. Kwa pikipiki isiyo na cha kuficha, sehemu hiyo hurudishiwa koti kwa dakika chache tu za kazi.

## Ulinganisho na njia nyingine

* Rangi ya kawaida ya kopo hushika zaidi, lakini huhitaji msasa na praima, na kuiondoa ni kuikwangua.
* Rangi yenye kigumishi hustahimili petroli na jua vizuri, ila huhitaji kompresa na fundi mzoefu.
* Rangi ya unga hupakwa kwa umeme tuli kisha huokwa kwenye tanuri. Ni imara sana kwa vyuma, lakini haifai kwa plastiki ya kawaida, ambayo haistahimili joto la tanuri.
* Stika hubanduliwa pia, na nyingi hustahimili petroli kuliko utando wa mpira, lakini ni ngumu kuzikunja kwenye vipuri vyenye kona nyingi.

## Tazama pia

* Bodaboda
* Kutu
* Mkoa wa Iringa
* Mkoa wa Mbeya
* Pikipiki
* Polima